Mbuzi Hana Mboni ya Mviringo

Fundisho linalotawala leo katika uchoraji wa wanyama ni fupi, na pengine ndiyo maana limeenea. Linasema roho ya mnyama imo machoni: chora jicho kwa hisia, mwishoni tia nukta nyeupe, na mnyama atakutazama. Utalisikia kwa mwalimu wa sanaa shuleni, kwa mchoraji anayewauzia watalii picha za simba na tembo, na katika video za dakika chache ambazo vijana wetu huzitazama kwenye simu huku penseli iko mkononi. Na karibu wote huishia kuchora jicho lilelile. Umbo lililochongoka pande mbili, duara katikati, doa jeusi katikati ya duara, weupe kulia na kushoto, nywele za kope zilizopinda kuelekea juu, kisha nukta. Jicho hilo hupachikwa kwa simba, kwa punda, kwa swala, kwa ng'ombe, bila kubadilishwa chochote isipokuwa rangi.

Hilo ni jicho la mtu. Nalipinga fundisho hili kwa moyo wote, kwa sababu linamgeuza kila mnyama kuwa binadamu aliyevaa manyoya, na kwa sababu linamfundisha kijana kuchora bila kutazama. Jicho la mnyama ni kiungo cha mwili chenye kazi yake, na kazi hiyo ndiyo iliyolipa umbo. Anayeijua kazi atalichora jicho likawa hai, hata akiwa na mkono wa wastani. Asiyeijua atarembesha tu.

Tumchukue mbuzi, maana hakuna asiyemjua. Watoto wetu hukua naye uani, huzibwa njia naye barabarani, humwona akifungwa kamba siku ya Idi. Lakini mpe mwanafunzi wa sekondari karatasi, mwambie achore uso wa mbuzi, na mara nyingi sana atamwekea mboni ya mviringo. Mboni ya mbuzi ni mstari mpana uliolala, karibu mstatili, umekatiza katikati ya duara la rangi ya majani makavu. Juani hubana hadi kuwa mwembamba. Jioni hutanuka na kuanza kujaa. Kondoo naye ni hivyo, na ng'ombe pia, ingawa kwa ng'ombe duara lenyewe ni la kahawia nzito kiasi kwamba akiwa kivulini unahitaji subira kuona mboni inaanzia wapi.

Kwa nini imelala? Mnyama anayeliwa anahitaji kuuona upeo wa macho mbele na nyuma kwa mkupuo mmoja, ajue adui anatokea wapi na akimbilie wapi. Mboni iliyolala hukusanya mwanga mwingi kutoka pande na kupunguza ule wa jua la juu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na mwenzao wa Durham, Uingereza, walichapisha uchunguzi wao wa spishi 214 za wanyama wa nchi kavu, na wakaonyesha kwamba umbo la mboni linaendana na namna mnyama anavyoishi. Katika kazi hiyo kuna jambo moja ambalo natamani libandikwe ukutani katika kila darasa la uchoraji. Mbuzi akiinamisha kichwa kula majani, macho yake huzunguka ndani ya matundu yake, digrii 50 au zaidi, ili mboni ibaki sambamba na ardhi.

Pima maana yake kwa mchoraji. Anayechora kwa hisia atachora kichwa kilichoinama, na mboni ataiinamisha pamoja na kichwa, kwa kuwa anaona jicho kama kitu kilichogandishwa usoni. Mbuzi wake atakuwa mbuzi wa sanamu. Anayejua ataiacha mboni imelala sawa na ardhi huku pua imeelekea chini, na mtazamaji ambaye hajawahi kusoma ukurasa mmoja wa sayansi atahisi kwamba mnyama yule anakula na bado yuko macho. Uhai huo hakuna nukta nyeupe inayoweza kuuleta.

Kosa la simba hunikera zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayechorwa kuliko wote. Mchoraji anajua kwamba simba ni jamaa ya paka. Anamtazama paka wa nyumbani, anaona mboni iliyosimama wima, anaihamishia kwa simba. Kumbe mboni ya simba ni ya mviringo, na ya chui, na ya duma. Uchunguzi uleule wa 2015 unaeleza sababu: mboni ya wima huwafaa wawindaji wa kuvizia walio karibu na ardhi, na wengi wao ni wale ambao kimo chao begani hakifiki sentimita 42. Paka yumo. Simba hayumo. Mamba anayejilaza majini ana mboni ya wima, kifutu naye vivyo hivyo, lakini koboko mboni yake ni ya mviringo. Kila mmoja ana hesabu yake na mazingira yake, na mchoraji hana ruhusa ya kugawa mboni kwa kubahatisha.

Halafu kuna suala la weupe. Binadamu ndiye anayeonyesha weupe mwingi pembeni mwa duara la jicho. Ndio unaotuwezesha kujua mwenzetu anatazama wapi. Kwa wanyama wengi weupe huo umefichwa na kope, au sehemu hiyo ina rangi nyeusi au ya kahawia. Ng'ombe aliyetulia huonyesha duara lake tu. Weupe ukitokeza, mfugaji hujua kuna jambo: ameshtuka, ameumia, ametenganishwa na ndama wake. Watafiti wa Norwei waliwahi kupima weupe huo kwa ng'ombe wa maziwa na kuona kwamba huongezeka mnyama anapokosa anachokitaka na hupungua anaporidhika. Sasa fikiria picha ya punda aliyepumzika chini ya mwembe, amewekewa weupe kulia na kushoto kama mtu. Mchoraji alikusudia upole. Alichokichora ni hofu.

Nije kwenye nukta yenyewe. Wenye fundisho wana hoja moja ya kweli, nami siikatai: jicho lisilo na mng'ao huonekana limekufa. Nenda machinjioni Vingunguti, au Kiamaiko kule Nairobi, utazame kichwa cha mbuzi aliyechinjwa tangu alfajiri. Konea, ule utando angavu wa mbele, imekauka na kuingia ukungu, haiakisi tena kitu. Mng'ao kweli ni dalili ya uhai. Wanapopotea ni pale wanapodhani kwamba mng'ao ni mali ya mchoraji, wa kuongezwa anapotaka na mahali anapopapenda. Mng'ao ni taswira ya dunia iliyo mbele ya yule mnyama, imekunjwa na kuwa ndogo juu ya kitu chenye unyevu kilichobinuka.

Chukua kijiko cha chuma, kigeuze mgongo, toka nacho nje saa nne asubuhi. Utaona mbingu imejaa sehemu ya juu, ardhi iko chini, na kati yao mstari uliopinda wa miti na mapaa ya nyumba. Hicho ndicho kilichomo ndani ya jicho la ng'ombe aliyesimama malishoni. Juu kuna bamba pana la mwanga lenye ubuluu wa mbingu, kingo zake laini. Limekatwakatwa na vivuli vya nywele za kope, ambazo kwa ng'ombe ni nyingi kwenye kope ya juu na zimeelekea mbele na chini. Chini yake giza la ardhi, na kama ardhi ni nyekundu, kuna joto la rangi hiyo linalopanda kidogo upande wa chini wa jicho. Ukingoni kabisa, mahali kope ya chini inapokutana na jicho, kuna uzi mwembamba wa unyevu unaomulika. Kope ina unene. Ule unene unashika mwanga. Wanaolizungushia jicho lote wino mweusi huuzika uzi huo, na pamoja nao huzika kila kilichowafanya watake kuchora.

Kuna tukio jingine la mwanga ambalo karibu kila anayeanza hulichora kinyume. Akishatia nukta, hupausha duara la rangi karibu nayo, akidhani pale palipo na mng'ao ndipo pang'avu. Mwanga ukiingia kutoka juu kushoto hupita ndani ya konea na kuangukia upande wa pili wa duara. Kwa hiyo sehemu angavu ya duara iko chini kulia, mkabala na mng'ao. Upande wa juu, kope hutupa kivuli juu ya jicho, na kivuli hicho hushuka hadi kugusa mboni. Mambo haya mawili, kivuli cha kope na mwanga mkabala, hulipa jicho uviringo wake. Ukiyaweka sawasawa kwa penseli ya 2B na nyingine ya 6B, unaweza kuiacha nukta nyeupe kabisa na jicho bado likavimba kutoka kwenye karatasi. Wape wanafunzi zoezi hilo uone nyuso zao.

Wapo watakaonitajia mchoraji wa Kijerumani, Albrecht Dürer. Sungura wake wa mwaka 1502, anayehifadhiwa katika jumba la Albertina jijini Vienna, ana mng'ao jichoni uliosifiwa karne kwa karne. Ni kweli, na ndio ushahidi wangu. Mng'ao ule si nukta. Una umbo la dirisha, na vipande vya fremu vinaonekana vikikatiza, kana kwamba sungura yuko ndani ya chumba. Ni taswira ya mahali. Kilichotokea baadaye ni kwamba umbo lile la dirisha liligeuka desturi, likanakiliwa na kunakiliwa, na leo naliona kwenye macho ya nyumbu wa Serengeti, ambako dirisha la karibu liko kilomita nyingi kutoka pale aliposimama mnyama. Aliyelichora hakujiuliza mwanga unatoka wapi. Alifuata fundisho.

Na huyohuyo Dürer anajibu hoja ya pili ya wenye fundisho, ile inayosema kwamba kulichora jicho likawa hai ni kipaji tu. Mwaka 1515 kifaru kutoka India alifikishwa Lisbon. Dürer hakumwona, alipata maelezo na mchoro wa mtu mwingine, akatengeneza picha yake maarufu ya kuchapishwa. Kifaru wake amevikwa mabamba kama deraya, na ana pembe ndogo ya ziada mabegani. Mkono ni uleule uliomchora sungura, na kipaji ni kilekile. Tofauti ni kwamba sungura alitazamwa na kifaru hakutazamwa.

George Stubbs, Mwingereza aliyeishi kati ya 1724 na 1806, alikaa miezi kumi na minane katika nyumba ya shamba huko Horkstow, Lincolnshire, akichuna mizoga ya farasi tabaka kwa tabaka na kuichora, ndipo akachapisha kitabu chake cha anatomia ya farasi mwaka 1766. Rosa Bonheur, Mfaransa, alikwenda machinjioni Paris kujifunza miili ya wanyama katika zama ambazo mahali pale hapakuhesabiwa kuwa pa mwanamke. Sihitaji kuongeza mengi kuhusu kipaji. Hawa walikuwa nacho, na bado waliona hakiwatoshi.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, na husemwa na watu ninaowaheshimu. Wanasema uhalisia si wetu. Mwafrika huchora kutoka ndani, kutoka kwenye kumbukumbu na simulizi, na kumlazimisha kijana apime kope za mbuzi ni kumvisha kanzu ya mgeni. Wana historia ya kuitegemea. Margaret Trowell, aliyeanzisha shule ya sanaa Makerere mwaka 1937, aliwasimulia wanafunzi wake jambo kwa maneno nao wakalichora kutoka katika fikra zao, na kwake wakatoka wachoraji wa kweli, akiwamo Sam Ntiro wa Tanzania. Wanamtaja pia Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta juu ya vibao, akafariki mwaka 1972, na mtindo wake ukabaki na jina lake. Macho ya wanyama wake ni maduara ndani ya maduara, wanasema, na nani atathubutu kusema hayana uhai?

Mimi sithubutu. Tingatinga hakumwahidi mtu yeyote uhalisia. Picha yake ina sheria yake: chui wa madoadoa, ndege wa rangi kali, mandhari isiyo na kina, na jicho la duara ndani ya duara linatii sheria hiyo kikamilifu. Ninaowapinga ni wale wanaomtumia yeye kama kisingizio huku wakiuza picha waliyoiita halisi, yenye kila unywele wa simba umechorwa mmoja mmoja na jicho la binadamu katikati. Ukishaahidi uhalisia umeingia mkataba na aliyemwona mnyama huyo.

Tena, nani amesema kutazama ni kwa kigeni? Mfugaji wa Kisukuma au wa Kimaasai humtambua ng'ombe wake mmoja katika kundi kubwa kwa rangi, pembe, alama na namna anavyotazama. Anajua jicho la homa na jicho la njaa. Mnunuzi mnadani Pugu hamalizi kumkagua mnyama bila kumtazama machoni. Elimu hii iko kwetu tangu kale, imo vichwani mwa watu ambao hawajawahi kushika penseli ya kuchorea. Fundisho la nukta nyeupe ndilo lililokuja na simu. Kumnyima kijana elimu ya mfugaji kisha kumwambia kwamba ubahatishaji ndio Uafrika wake, hilo nalihesabu kuwa dharau, hata linapotamkwa kwa nia njema.

Pia mkazo wote kwenye jicho lenyewe umewasahaulisha watu kinacholizunguka. Tai huonekana mkali kwa sababu ya ukingo wa mfupa ulio juu ya jicho, unaolitia kivuli na kulikinga. Ameshiba, amelala nusu, bado ni mkali. Bundi hana ukingo wa namna hiyo uliojitokeza, uso wake ni bapa na macho yameelekea mbele, ndiyo maana anaonekana kushangaa. Hakuna hasira wala mshangao hapo, kuna mfupa. Kwa tembo, jicho ni dogo mno ukilinganisha na kichwa, na wachoraji hulikuza ili litie huruma. Wakimaliza, hushusha chozi kutoka jichoni, kwa kuwa wameona picha za tembo mwenye mchirizi wa maji shavuni. Mchirizi ule mara nyingi hutoka kwenye tezi iliyo kati ya jicho na sikio. Kwa dume aliyepandwa na wazimu wa kutafuta majike huwa mwingi kabisa. Kumchora tembo huyo kama yatima anayelia ni kusema uongo juu ya mnyama hatari. Mbuni ndiye mwenye haki ya jicho kubwa: kipenyo chake ni kama sentimita tano, kubwa kuliko la mnyama mwingine yeyote wa nchi kavu, tena kubwa kuliko ubongo wake.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini picha za kamera zisitoshe. Zinasaidia, nami huzitumia. Lakini picha huleta kila kitu kwa usawa, na asiyejua hunakili na kasoro zake. Flashi ya mpiga picha huacha nukta kali katikati ya mboni, na mwanafunzi huihamisha kwa uaminifu kwenye mandhari ya saa sita mchana. Ikipigwa usiku, macho ya swala au chui huwaka kwa sababu ya tabaka la nyuma linalorudisha mwanga, na mwanafunzi anaamini ndiyo rangi yake. Halafu picha ni ya upande mmoja. Mbuzi ana macho pembeni mwa kichwa. Ukimtazama kwa mbele unayaona macho yake kwa ubavu, yamejitokeza nje ya mstari wa uso, na kuba angavu ya konea inaonekana mbele ya duara la rangi. Ukimzunguka taratibu ukiwa umesimama naye utaielewa kuba hiyo. Picha moja haitakuonyesha kamwe.

Walimu wenzangu, nawaombeni mambo ambayo hayahitaji bajeti. Mwanafunzi asianze na jicho. Aanze na fuvu. Omba moja kwa muuza supu ya kichwa, lichemshwe, lisafishwe, likae mezani darasani, ili kila mtoto atie kidole katika tundu na ajue jicho linakaa wapi na linatazama upande gani. Kisha kope na unene wake, kisha mboni na sababu ya umbo lake, kisha kivuli. Mng'ao uje mwisho, na mwanafunzi aweze kutaja kila kipande chake kinaakisi nini: mbingu, ukuta, mlango, mti. Akishindwa kutaja, aufute kwa raba. Na mnaosimamia mashindano ya uchoraji shuleni, muiteni mfugaji mmoja akae nanyi mezani mnapotoa alama za picha za wanyama. Ataona mambo ambayo sisi wenye vyeti hupita bila kuyaona.

Na wewe kijana unayejifunza peke yako, zima video. Penseli moja, daftari lisilo na mistari na ruhusa ya mwenye mifugo vinatosha kuanza kesho asubuhi. Nenda mapema, kabla jua halijawa kali, maana likishapanda mboni zitakuwa zimebana na hutaona zinavyobadilika.